Tangi Tumeleta, Kopo Tumelisahau

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili, katika semina ya afya ya familia iliyofanyika Mjini Unguja. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.

 

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya afya ya familia katika maisha ya kila siku. Somo hili ni pana. Ningeweza kusema juu ya presha na sukari, juu ya chandarua, juu ya kufanya mazoezi. Yote ni ya kweli na yote yana siku yake. Leo nimechagua jambo moja tu, maana nimeona kwamba tukitoka kwenye semina na mambo kumi hatufanyi hata moja. Nitazungumza juu ya safari ya maji, kutoka bombani mpaka kinywani mwa mtoto.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu limenifunza unyenyekevu katika kazi yangu. Naomba niwaeleze jinsi ilivyokuwa.

Tulichokifanya, na tulichokikosa

Baadhi yenu mnakumbuka mradi wetu wa maji katika kijiji kimoja cha hapa Unguja. Wafadhili walitoa fedha, kamati ilisimamia vizuri, wanakijiji walichimba mtaro kwa mikono yao. Tulijenga tangi, tukaweka mabomba, tukapima maji, yakaonekana ni salama. Siku ya uzinduzi tulipiga picha. Mimi mwenyewe niliandika taarifa, na katika taarifa hiyo nilisema kwamba magonjwa ya kuhara yatapungua.

Miezi michache baadaye nilirudi kuuliza. Kina mama walishukuru sana, maana hawatembei tena mbali na ndoo kichwani. Lakini nilipouliza juu ya watoto kuhara, walitazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Bado wanaharisha, mama." Sikupenda jibu hilo. Nilidhani labda maji yameharibika, tukapima tena bombani. Yalikuwa safi.

Ndipo bibi mmoja wa pale, mzee anayeheshimiwa na kijiji kizima, akanikaribisha barazani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba mwanangu, kaa." Mjukuu wake alikuja mbio kutoka kucheza, akachukua kopo lililokuwa sakafuni, akalizamisha pamoja na vidole ndani ya ndoo ya maji ya kunywa, akanywa, akalirudisha kopo sakafuni. Kuku akapita juu yake. Bibi aliniangalia nilivyokuwa namwangalia mtoto, akasema: "Mwanangu, tangi mmetuletea, Mungu awalipe. Kopo mmelisahau."

Akanieleza kwamba zamani nyumbani kwao maji ya kunywa yalikaa kwenye mtungi wenye mfuniko, na juu yake palikuwa na kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, na hakuna mtoto aliyethubutu kuingiza mkono. Ilipokuja ndoo ya plastiki, mtungi uliondoka, na adabu ya mtungi ikaondoka nao.

Tulizunguka nyumba nyingine siku ile. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo hivyo. Ndoo wazi, kopo chini, mikono ndani. Maji yalikuwa salama bombani na yakachafuka ndani ya nyumba, katika hatua chache za mwisho. Na katika bajeti yetu nzima hapakuwa na hata shilingi moja kwa ajili ya hatua hizo.

Kwa nini hapa kwetu jambo hili ni zito

Ndugu zangu, kisiwa chetu kinaijua kuhara kwa jina lake kali, yaani kipindupindu. Miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana hapa Mjini. Daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Zanzibar wakati ule, James Christie, alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na misafara ya biashara kutoka bara, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu ya milipuko hiyo ya Afrika Mashariki. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa Mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Kwa hiyo fikra ya kuleta maji safi kwa mabomba si ngeni kwetu, ina zaidi ya miaka 100.

Lakini ugonjwa uliendelea kurudi. Katika mlipuko wa mwaka 2015 na 2016, watu zaidi ya 4,000 waliugua Unguja na Pemba. Wengi wenu mnakumbuka biashara za juisi na vyakula vya mitaani zilivyosimamishwa, na jinsi wauza urojo na juisi ya miwa walivyokaa bila kipato. Baada ya hapo Serikali ya Mapinduzi iliweka mpango maalumu wa kutokomeza kipindupindu Zanzibar, wa mwaka 2018 hadi 2027.

Mtu anaweza kuuliza, je, chanjo haitoshi? Chanjo ya kumeza inasaidia. Mwaka 2009 ilitolewa hapa Zanzibar katika maeneo yaliyokuwa yakiathirika zaidi. Walengwa walikuwa watu wapatao 48,000, na karibu nusu yao walikamilisha dozi mbili. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba iliwakinga watu wengi. Lakini kinga ya chanjo hupungua kadiri miaka inavyopita, na chanjo ya kipindupindu haizuii magonjwa mengine ya kuhara yanayowapata watoto wetu kila masika. Ndoo yenye mfuniko inasaidia dhidi ya yote.

Tena tuangalie ardhi yetu. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya matumbawe. Mawe haya yana matundu na nyufa, na maji hupita humo haraka bila kuchujwa vya kutosha. Choo cha shimo kikijengwa karibu na kisima, mvua ya masika ikinyesha, uchafu hufika kisimani. Ndiyo maana milipuko huambatana na mvua. Wataalamu hushauri choo kiwe umbali wa angalau mita 30 kutoka kisimani, na katika mawe ya matumbawe hata umbali huo si dhamana kamili. Maji ya kisima ni ya kutibu kabla ya kunywa, hata kama babu zetu waliyanywa na yanaonekana meupe.

Mambo ya kufanya nyumbani

Sasa naomba tuandike. Haya ni mambo ambayo familia yoyote inaweza kuyaanza leo jioni.

1. Tibu maji ya kunywa. Njia ya kwanza ni kuchemsha. Yaache yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa dakika 1 kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Njia ya pili ni dawa ya klorini inayouzwa madukani. Fuata kipimo kilichoandikwa, na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa maana dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu. Ndugu zetu wa pwani ya mashariki, kama Paje na Jambiani, wakumbuke kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi.

2. Tenga chombo cha maji ya kunywa. Kiwe na mfuniko, na kikiwezekana kiwe na koki. Kama huna ndoo ya koki, tumia dumu lenye mdomo mwembamba na umimine. Kama ni lazima kuchota, tumia kata au upawa wenye mpini mrefu, na uutundike ukutani, usiuweke chini. Osha chombo kwa sabuni mara kwa mara, maana utelezi unaoushika kwa kidole ndani ya ndoo ni makazi ya vijidudu.

3. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Nyakati zenyewe ni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, na kabla ya kumlisha mtoto. Sabuni ikikosekana, jivu safi linasaidia. Hapa niseme jambo moja juu ya desturi. Siku hizi katika shughuli zetu tunapitisha beseni moja, watu 20 wananawa katika maji yale yale, na wa mwisho anachukua uchafu wa wote. Desturi ya zamani ya hapa pwani ni bora zaidi: mtu husimama na birika, anammiminia mgeni maji, na yaliyotumika yanaanguka bakulini. Turudi huko, na tuongeze sabuni. Majirani zetu Waislamu wanaotawadha kwa maji ya kutiririka wanalielewa jambo hili vizuri.

4. Tengeneza kibuyu chirizi karibu na choo. Dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyofungwa kwenye kamba. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukitengeneza. Nimeona nyumba zenye kibuyu chirizi, watoto wananawa bila kuambiwa kwa sababu wanafurahia kukikanyaga.

5. Kula chakula kikiwa moto, na funika kilichobaki. Matunda yaoshwe kwa maji yaliyotibiwa. Barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyotibiwa ni hatari sawa na maji yenyewe, kwa sababu baridi haiui vijidudu.

6. Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Hata maji asipewe, hata wakati wa joto kali la kaskazi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha.

Mtoto akiharisha: ushuhuda wangu

Sasa nifike mahali ambapo mimi mwenyewe nilikosea. Nasema haya nikiwa na shahada yangu, ili mtu asidhani kwamba kukosea ni kwa wasiosoma tu.

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam. Mtoto alianza kuharisha alfajiri. Nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba mtoto anayeharisha asinyweshwe sana, tumbo lipumzike, kwa sababu kila anachokunywa kinatoka. Nikampa kidogo sana. Nikaenda kazini kwenye kikao, nikamwacha na dada wa nyumbani, nikamwachia agizo lile lile. Niliporudi alasiri macho yake yalikuwa yamezama ndani. Alilia bila machozi. Nilipombana ngozi ya tumbo ilikawia kurudi.

Tulimkimbiza kwenye kituo cha afya. Muuguzi aliyempokea hakunigombeza. Alichanganya paketi ya ORS, akanipa kijiko, akaniambia, "Mama, kijiko kimoja, subiri, kijiko kimoja tena. Usiache." Nilikaa pale mpaka usiku nikimpa kijiko kimoja kimoja. Kufika saa nne usiku alikojoa. Sijawahi kufurahia nguo iliyolowa kama siku ile.

Ndugu zangu, kinachoua katika kuhara ni kukaukiwa maji na chumvi mwilini. Mtoto anatakiwa anywe zaidi, si kidogo. Jambo hili lilithibitishwa kwa namna ya kushangaza mwaka 1971, wakati wa wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India. Kipindupindu kiliingia kambini na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari wanywe kwa vikombe. Vifo miongoni mwa wagonjwa, vilivyokuwa vikifikia karibu 30 kwa kila 100, vilishuka hadi chini ya 4. Maarifa hayo ndiyo yaliyomo ndani ya ile paketi ndogo.

Basi tuandike tena:

- Mwanzoni tu mwa kuharisha, mpe ORS. Changanya paketi na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Usipunguze maji ili iwe kali.

- Kama paketi haipo, tengeneza nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja. Isiwe na chumvi kuzidi machozi. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo pima, usikadirie kwa mkono.

- Mtoto chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa baada ya kila choo cha maji. Mkubwa zaidi ya hapo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena polepole kwa kijiko.

- Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

- Omba vidonge vya zinki kituoni, na umpe kwa siku zote alizoandikiwa, 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

- Usimpe dawa za kuua vijidudu bila ushauri wa mganga.

- Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yaliyozama, mtoto mlegevu au asiyeweza kunywa, kutapika kila kitu, homa kali, au kuharisha maji mengi kama maji ya mchele. Hilo la mwisho ni dalili ya kipindupindu, na ni kwa watoto na watu wazima. Endelea kumnywesha njiani. Mgonjwa wa kipindupindu akitibiwa mapema na ipasavyo, karibu wote hupona. Na msifiche mgonjwa kwa kuona aibu. Mtaa ukificha mmoja, kesho wataugua kumi.

Ninachowaomba kamati

Kwa wajumbe wa kamati nina maombi matatu.

Kwanza, kila kamati iteue watu wawili, mmoja awe mama, watakaotembelea nyumba wakishirikiana na sheha na wahudumu wa afya wa jamii. Wasiende kukagua kama polisi. Waombe maji ya kunywa, basi. Namna mgeni anavyoletewa maji itawaonyesha yote, na mazungumzo yataanzia hapo. Watembelee nyumba bila kubagua dini, maana kisima ni kimoja.

Pili, tuanze na sisi wenyewe. Kwenye harusi, kwenye mikutano ya Injili, na hasa kwenye misiba, pawe na maji ya kutiririka na sabuni kabla ya chakula. Wakati wa mlipuko, msiba wa aliyefariki kwa kipindupindu uongozwe na maelekezo ya maofisa wa afya kuhusu kuosha maiti na kula pamoja. Najua ni jambo gumu. Ni gumu zaidi kurudi makaburini juma linalofuata.

Tatu, mtunze mlichojengewa. Bomba likivunjika, taarifa ipelekwe siku ile ile kwa Mamlaka ya Maji, ZAWA, au kwa fundi wa kamati. Bomba likikaa limevunjika, watu hurudi kwenye kisima kilicho wazi, na kazi yote inapotea.

Ninachowaomba wafadhili

Kwa ndugu zetu wafadhili, naomba niseme wazi, na mnisamehe. Fomu zenu za taarifa zinaniuliza tumejenga mabomba mangapi. Haziniulizi ndoo ngapi zina mfuniko. Nami kwa miaka mingi nilijaza nilichoulizwa, nikaona kazi imekwisha. Tangi linaonekana kwenye picha na linabeba kibao chenye jina la usharika uliotoa. Ndoo yenye koki haibebi kibao. Mafunzo ya kina mama ishirini chini ya mwembe hayapigwi picha ikapendeza.

Ninaomba kwamba kila mradi wa maji tunaouandika kuanzia sasa uwe na fungu la ndoo zenye koki, sabuni, na ziara za nyumbani kwa angalau mwaka mmoja baada ya uzinduzi. Fungu hilo likilazimu tujenge bomba moja pungufu, na liwe pungufu. Ni afadhali mabomba manne yenye faida kuliko matano ya kupigia picha. Na taarifa yangu ijayo nitaiandika tofauti: nitawaambia pia yale ambayo hayakufanikiwa.

Mwisho

Mnakumbuka habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, katika kitabu cha pili cha Wafalme. Alikuja na farasi na magari na zawadi nyingi, akitarajia jambo kubwa. Alipoambiwa akaoge mtoni alikasirika, kwa sababu lilikuwa dogo mno kwa mtu wa cheo chake. Ni watumishi wake ndio waliompa akili: kama angeambiwa jambo kubwa angelifanya, basi kwa nini asifanye dogo? Akaenda, akaoga, akapona.

Mimi nilikuwa Naamani wa miradi. Bibi wa kijijini ndiye aliyekuwa mtumishi aliyenipa akili.

Nilirudi kwake juzi. Ndoo yake sasa ina mfuniko, na kopo limetundikwa kwenye msumari. Mjukuu aliponiletea maji aliyamimina bila kuingiza kidole, kisha akamtazama bibi yake kuona kama amepatia. Nikanywa yote.

Mkirudi nyumbani leo, kabla hamjavua viatu, nendeni mkaangalie ndoo yenu. Mungu awabariki. 

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika usharika au mtaa wetu, maji ya kunywa yanachafukia wapi: kisimani, njiani, au nyumbani?

2. Ni nani wawili tutakaowateua kutembelea nyumba, na wataanza lini?

3. Katika msiba au sherehe yetu ya mwisho, watu walinawaje mikono? Tutabadili nini kabla ya shughuli ijayo?